Kabla ya Kugawana Intaneti Moja kwa Kompyuta Mbili Bila Ruta

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kinachomaliza jioni nzima ni vitu ambavyo mtu hakuviangalia kabla ya kuanza kubofya.

Amua kwanza ipi itakuwa kompyuta mama, yaani ile inayopokea intaneti na kumgawia mwenzake. Hiyo inahitaji milango miwili ya mtandao, mmoja wa kuingizia na mwingine wa kutolea. Laptopu inayopokea kwa Wi-Fi au modemu ya USB, na bado ina tundu la kebo, imekamilika. Isipokuwa na tundu, itafutie adapta ya USB mapema. Uwe pia na nywila ya msimamizi wa kompyuta hiyo, kisha uizuie isilale, maana mama akisinzia mtoto naye anakatika.

Kebo ina historia yake. Zamani kompyuta mbili hazikusikilizana kwa kebo ya kawaida. Ilitakiwa ile iliyopishanishwa nyaya. Kuitambua si kazi: zishike ncha zote mbili pamoja, vibano vikitazama upande mmoja, usome rangi kupitia plastiki. Zikifuatana sawasawa, hiyo ni ya kawaida. Ukiona machungwa imekaa mahali pa kijani, ni ya kupishanisha. Kadi za mtandao za gigabiti, yaani milango ya kasi iliyomo kwenye kompyuta za kisasa, zinajipanga zenyewe, kwa hiyo kebo yoyote inatosha. Wasiwasi ubaki kwa mashine kongwe. Urefu usizidi mita 100, ingawa sijui nani ataweka kompyuta mbili mbali hivyo.

Hutaki waya? Windows 10 na 11 zina hotspoti ya ndani inayobeba hadi vifaa 8. Lakini kadi moja ya Wi-Fi ikipokea na kutuma kwa wakati mmoja, inafanya kwa zamu, na kasi inashuka. Mimi kebo ikiwepo, sijiulizi mara mbili.

Panapowakwamisha wengi ni kwenye anwani, yaani namba inayoitambulisha kila kompyuta kwenye mtandao. Ukiwasha ugavi wa intaneti, Windows 7 na zilizofuata huipa kadi ya kutolea anwani 192.168.137.1, kisha humpa mwenzake anwani ya kundi hilohilo. Windows XP ilitumia 192.168.0.1, na kwa kuwa modemu nyingi nazo zilijiita hivyo, ugomvi ulikuwa wa kila siku. Kwa hiyo angalia sasa: kompyuta ya pili iwe imewekwa kupokea anwani yenyewe. Kama kuna mtu aliwahi kuijazia namba kwa mkono, zifute. Ukija kuona anwani inayoanza na 169.254, ujue haijagawiwa kitu, imejibunia.

Na tiki ya kushiriki, ile inayowasha ugavi, inawekwa wapi? Kwenye kadi inayopokea intaneti, si ile yenye kebo ya kwenda kwa mwenzake. Nimewahi kuigeuza, nikabadilisha kebo tatu kabla ya kugundua kosa ni langu. Ili usinifuate, andika kwa Windows+R neno ncpa.cpl, kadi zote zijipange mbele yako, kisha zipe majina ya kueleweka: INGIA na TOKA.

Kama unatumia bando, kuna mtego mwingine. Kompyuta ya pili inaona kebo tu. Haijui kwamba nyuma yake kuna bando, hivyo itapakua masasisho makubwa kana kwamba data ni ya bure. Kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta hiyo, utambulishe muunganisho kuwa wa kupimwa (metered), yaani wenye data ya kuhesabiwa, mara tu unapounganika, na usimamishe masasisho na hifadhi ya mtandaoni kabla hata hujachomeka.

Mwisho, kebo ikiwa bado mezani, fungua ukurasa wowote kwenye kompyuta mama. Usipofunguka, tatizo liko kwa mama. Lishughulikie hapo kwanza, kebo iache ilipo.