Pete iliyogoma kutoka

Mimba yangu ya pili, wiki ya 34, pete ya ndoa iligoma kutoka hata kwa sabuni. Miguu kuvimba jioni nilishazoea, lakini asubuhi ile uso nao ulikuwa umeumuka kama andazi. Wifi akasema nimenawiri. Kumbe presha ya mimba, ile inayoweza kuleta kifafa cha mimba!

Kwa hiyo ukiamka, angalia uso na vidole. Kichwa kikigonga na Panadol isifue dafu, ukiona vimulimuli au ukungu machoni, au ukiumwa chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia (mimi nilidhani kiungulia), usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.

Kliniki waombe wakutajie namba za presha. Kuanzia 140 kwa 90 ni ya juu, hata kama hujisikii vibaya. 160 kwa 110 ni dharura. Mkojo nao upimwe protini.

Nyumbani waambie mapema: degedege likianza (ndicho kifafa cha mimba chenyewe), wakulaze kwa ubavu, wasikutie kijiko mdomoni, wakukimbize hospitali.

Na ukijifungua usijiachie, kifafa cha mimba huweza kuja hata wiki za uzazi. Mimi kichwa kilinirudia siku ya nne, mtoto yuko kifuani, nikarudishwa wodini.