Kumfundisha mwanariadha chipukizi kutuliza mwili na wasiwasi kabla ya mbio

Mwongozo huu ni wa walimu wa michezo na makocha wa vijana, hasa sisi tulio huku Sebei, mashariki mwa Uganda, ambako kila mtoto mwenye miguu myepesi anaambiwa kwamba yeye ndiye bingwa wa Olimpiki wa kesho, kama Joshua Cheptegei au Peruth Chemutai. Msimu uliopita nilimshughulikia binti mmoja wa mita 1500. Mazoezini hana mpinzani, lakini akisogea kwenye mstari wa kuanzia mikono inapoa, tumbo linachafuka, na anakuwa amechoka kabla bastola haijalia. Haya ndiyo tuliyofanya naye, pamoja na marekebisho niliyoongeza baada ya kuwafundisha wenzake. Yanawafaa watoto wa miaka 12 hadi 18, wa riadha na hata wa mpira wa miguu au wa pete.

Hatua ya 1: Anza mapema

Kutuliza mwili ni mazoezi kama mazoezi mengine, na mtoto hajifunzi kitu kipya huku anatetemeka. Anza wiki sita hivi kabla ya mashindano ya wilaya, dakika kumi baada ya mazoezi ya kawaida, mara tatu au nne kwa wiki. Ukimwambia "tulia" siku ya mbio bila kumfundisha namna ya kutulia, unachompa ni habari kwamba watu wamemwona anaogopa.

Vifaa ni nyasi, kandambili moja na saa yako ya kupimia mbio. Programu za simu zinazomsemesha mtu "vuta, toa" sizipendi kwa watoto. Zinakula bando na chaji, na mtoto anazoea kutulizwa na sauti ambayo haitakuwepo siku yenyewe, maana simu hairuhusiwi ndani ya eneo la mashindano. Afundishwe kitu anachoweza kwenda nacho akiwa mikono mitupu.

Hatua ya 2: Jua anaogopa nini

Kaeni pembeni, wawili tu lakini mahali panapoonekana na watu wengine, umwulize. Mara nyingi utasikia kwamba mbio zenyewe si tatizo. Anaogopa kupoteza basari ya shule. Anaogopa baba aliyeuza mbuzi kununua viatu vya misumari. Anaogopa kutajwa mbele ya shule nzima kwenye mkusanyiko wa asubuhi. Pumzi na misuli havifuti deni la baba. Kama shida ni basari, nenda kwa mwalimu mkuu, omba ajulishwe waziwazi kwamba mbio moja mbaya haitamwondoa shuleni. Nimeona mazungumzo ya namna hiyo yakimtuliza mtoto kuliko zoezi lolote lililo hapa chini.

Halafu mweleze kinachotokea mwilini. Mwili unapohisi hatari humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa na kupungua tumboni na kwenye vidole. Ndiyo sababu vidole vinapoa na tumbo linasumbua. Hiyo ni nguvu ileile atakayoitumia kukimbia, kwa hiyo hatutaki iishe. Tunataka ipungue hadi aweze kuitawala.

Kabla hujaendelea, tenganisha woga na ugonjwa. Mtoto anayezimia akiwa katikati ya mbio, anayeumwa kifua akikimbia, au ambaye kifua kinapiga mlio kila akipumua, apelekwe hospitali kwanza. Uliza pia habari za selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, katika familia, kwa sababu hapa Uganda watu wengi wamerithi jeni yake bila kujua, na mazoezi makali penye joto au mahali pa juu yanaweza kumdhuru hata aliyerithi jeni moja tu.

Hatua ya 3: Pumzi

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Naomba usipapitie haraka.

Mtoto alale chali kwenye nyasi, magoti yamekunjwa, kandambili juu ya kitovu. Avute pumzi kwa pua huku ukihesabu moja hadi nne, kandambili ipande. Kisha aitoe kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza uji, ukihesabu moja hadi sita, kandambili ishuke. Hesabu moja ni kama sekunde moja, kwa hiyo ni pumzi sita kwa dakika. Dakika tano zinatosha. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopunguza mwendo wa moyo. Ile ya kuingia inauongeza kidogo. Kwa hiyo mkazo wote uwe kwenye kutoa.

Kwa maelezo ni jambo jepesi. Yule binti tulikaa naye mchana kutwa pembeni ya uwanja bila kufika popote. Kila mtu maishani mwake alikuwa amemwambia "vuta pumzi nyingi", naye alikuwa akivuta kweli: mabega yanapanda hadi masikioni, mishipa ya shingo imesimama, kandambili haitikisiki. Baada ya dakika mbili akaniambia, "Mwalimu, vidole vinawasha, kichwa kinazunguka." Akadhani ni woga umezidi, na kwa kudhani hivyo woga ukazidi kweli. Kumbe mtu anayevuta pumzi kubwakubwa kwa haraka anatoa kaboni dioksidi nyingi kuliko inavyotakiwa, na ikipungua kwenye damu ndipo kizunguzungu na kuwashwa kwa vidole na midomo vinapokuja. Dawa si kuvuta zaidi. Dawa ni kuvuta kidogo, pumzi ya kawaida tu, na kuitoa polepole.

Maneno hayo hayakumsaidia. Kilichomsaidia ni mvumo. Nilimwambia afunge midomo na kutoa pumzi yote kwa sauti ya "mmmm", kama anayeshika wimbo kanisani kabla maneno hayajaanza. Mtu hawezi kuvumisha kwa haraka, pumzi inajirefusha yenyewe. Jaribio la tatu hivi mabega yakashuka, na ile kandambili iliyokuwa imelala kama jiwe ikaanza kuinama upande mmoja, ikapanda, ikashuka. Akaichungulia kwa jicho moja, akatabasamu. Tangu siku hiyo naanza na mvumo kwa kila mtoto, hesabu inafuata baadaye.

Mambo mengine ya kuangalia katika hatua hii:

Usimlazimishe kushika pumzi. Kuna mitindo ya kuvuta, kushika, kutoa na kushika tena. Kwa mtu mzima aliyezoea haina neno, lakini mtoto mwenye wasiwasi akishika pumzi anahisi anakabwa. Mwenye pumu ndiyo kabisa, usimshikishe.

Macho kufumba si lazima. Wapo watoto waliopitia mambo mazito nyumbani ambao wakifumba macho wanaona yasiyofaa. Mwambie atazame kitu kimoja, jani au nguzo ya goli.

Wapo wachache ambao kusikiliza pumzi yao wenyewe kunawaongezea hofu. Usibishane nao. Waelekeze nje ya mwili: wataje kimoyomoyo vitu vitano wanavyoviona, sauti nne wanazozisikia, kisha wahisi nyayo zinavyogusa ardhi. Hiyo inatosha, waruke moja kwa moja hadi hatua ya 4.

Pua ikiziba, na wakati wa kiangazi vumbi letu ni jingi, avute kwa mdomo. Usifundishe mara tu baada ya sahani ya posho (ugali) na maharagwe, tumbo lililojaa halipandi. Watenganishe wavulana na wasichana wiki ya kwanza, maana kicheko kikianza somo limekwisha. Na kwa sisi wa milimani, mtoto aliyetoka bondeni juzi akishindwa pumzi sita kwa dakika, mpe nane. Hewa ya juu ni nyepesi na mwili wake bado unazoea.

Akishaweza kulala na kandambili, aketi. Akiweza kuketi, asimame. Kisha atembee: hatua tatu kuvuta, hatua nne au tano kutoa. Mwisho afanye mara baada ya mbio fupi za kasi, moyo ukiwa bado unadunda, kwa sababu ndivyo atakavyokuwa siku ya mashindano. Makocha wengi huishia kwenye kulala, halafu wanashangaa kwamba mtoto anatulia kwenye nyasi na kupagawa uwanjani.

Hatua ya 4: Kukaza na kulegeza misuli

Njia hii iliwekwa sawa na daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, mwanzoni mwa karne iliyopita. Mtoto anakaza kundi moja la misuli kwa sekunde tano, si kwa nguvu zote, kisha analiachia ghafla na kulisikiliza kwa sekunde 15 hadi 20. Anza na ngumi, uende mikono, mabega, taya, tumbo, mapaja, miguu. Taya usiirushe. Mkimbiaji aliyeuma meno amekaza hadi mabega.

Kwa shavu la mguu, avute vidole vya mguu kuelekea kwake, asivikunjie chini, la sivyo atapata mkakamao wa misuli, hasa usiku baada ya mazoezi makali.

Zoezi zima ni la kitandani, usiku wa kuamkia mashindano, au bwenini mkiwa ugenini. Usilifanye saa ya mwisho kabla ya mbio, linaweza kuulegeza mwili kupita kiasi. Uwanjani achukue mambo mawili tu: ngumi na mabega, kaza, achia.

Hatua ya 5: Kuziona mbio kabla ya kuzikimbia

Akiwa ametulia, azikimbie mbio zake akilini kwa mwendo wake halisi, tangu kuvua suti ya mazoezi hadi kuvuka mstari. Asione ushindi peke yake. Aone pia anabanwa kwenye kona, anaguswa kisigino, anaanza vibaya, na aone anachofanya baada ya hapo. Watoto wa mita 400 hulalamikia njia ya ndani, kwa hiyo mimi huwaambia waione njia hiyohiyo. John Akii-Bua alipewa njia ya kwanza kwenye fainali ya mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972, akashinda kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia na dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Mpangilio uwe uleule kila mara: kupasha mwili joto, choo, viatu, mvumo mara tatu, ngumi na mabega, neno moja la kujisemea. Neno achague mwenyewe, kwa lugha yoyote, Kupsabiny, Kiswahili au Lugisu. Liwe la kumwambia afanye nini, kama "legeza" au "polepole", si "usiogope".

Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa nje ya uwanja, hapana kabisa. Kafeini inaongeza mapigo ya moyo na kutetemeka kwa mtoto ambaye tayari anatetemeka. Maji yanatosha.

Wazazi wasimzunguke saa ya mwisho. Waombe kwa heshima wakae jukwaani.

Hatua ya 7: Baada ya mbio

Akishindwa, usimchambue papo hapo. Apumue, anywe maji, ale. Mazungumzo ni kesho yake. Mimi huwasimulia habari ya Kololo, Machi 2017, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika Kampala. Joshua Cheptegei aliongoza mbele ya watu wake mwenyewe, akaishiwa nguvu mzunguko wa mwisho, akamaliza wa 30. Miaka miwili baadaye, mjini Aarhus, Denmark, alishinda mashindano hayohayo. Mwaka 2020 akavunja rekodi za dunia za mita 5000 na mita 10,000. Watoto wengi wanazijua rekodi tu, ya Kololo hawajawahi kusikia.

Hatua ya 8: Lini umpeleke kwa mtaalamu

Kama halali usiku kwa wiki mbili mfululizo, hali chakula, analia bila sababu unayoiona, amejitenga na wenzake, au anasema hataki kuishi, mambo ya kandambili yamekwisha. Zungumza na mlezi wake na umpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo kama ametaja kujidhuru. Usimwache peke yake. Hospitali za rufaa za mikoa, kwetu ni Mbale, zina huduma za afya ya akili, na kwa hali nzito wanaweza kumwelekeza Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Ukigundua kwamba hofu inatokana na kupigwa au kuguswa vibaya, iwe nyumbani au kambini, na hata kama anayetajwa ni kocha mwenzako, piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Kuipiga ni bure.