Dada unasafiri peke yako? Gesti ichague hivi

Ukitoka Dar asubuhi kwenda Mbeya kwa basi mara nyingi unafika giza limeshaingia, kwa hiyo gesti itafute kabla hujapanda basi, sio unashuka stendi ndo unaanza kuuliza huku wapiga debe wanakuvuta begi. Muulize mdada anayeishi hukohuko, sio bodaboda, wengine wanapewa chochote kwa kila mgeni wanayempeleka. Yenye baa chini achana nayo hata kama ni bei chee, walevi watakugongea mlango usiku kucha.

Kabla ya kulipa omba kuona chumba. Jifungie ndani, angalia kama kuna komeo na sio kitasa tu, maana funguo ya akiba iko kaunta na hujui nani anaishika usiku, halafu sukuma dirisha, cheki nondo. Kitabu cha wageni utajaza tu, ila mhudumu akitaja namba ya chumba kwa sauti watu wamejaa pale mapokezi, omba chumba kingine, usione aibu kabisa. Ukiulizwa uko na nani sema mume yuko njiani anakuja, uongo huo hauna dhambi jamani. Jina la gesti na namba ya chumba mtumie mtu wa nyumbani, na 112 ya polisi haikatwi salio.