Pikipiki ya Majini Ikikosa Nguvu Ziwani Kivu: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Mwenye pikipiki ya majini anapokuja kulalamika kwamba chombo chake hakikimbii tena, swali langu la kwanza huwa hili: ulipobana mkono wa gesi hadi mwisho, mshale wa mizunguko ulisimama wapi? Injini nyingi za kisasa za mipigo minne hufikia kati ya mizunguko 7,000 na 8,000 kwa dakika. Ikiwa mshale unafika huko, au hata kupita, huku chombo kikitambaa, basi tatizo linatafutwa kwenye pampu, ile inayosukuma chombo kwa kurusha maji nyuma. Ikiwa mshale unakwama chini, tuseme kwenye 5,500, ndipo injini inapostahili kufunguliwa.

Tuanze na pampu, kwa sababu hapa Goma ndiyo inayoumia zaidi. Ufuko wetu una mchanga mweusi wa volkano na vikokoto vya lava, na mtu anayewasha injini maji yakiwa magotini huvifanya vyote vinyonywe ndani, vikakwaruza rafadha ya pampu, ile ambayo mafundi huiita elisi, pamoja na pete inayoizunguka. Nafasi kati ya ncha za elisi na pete hiyo inapaswa kuwa sehemu ndogo tu ya milimita. Ikikaribia milimita 1, maji hurudi nyuma, mapovu hujaa, injini hulia kwa sauti ya juu na chombo hakisogei ipasavyo. Kwa hiyo, sukuma chombo hadi kwenye kina cha sentimita 90 hivi kabla ya kuwasha.

Uchafu nao una hila zake. Niliwahi kuletewa chombo ambacho mwenyewe alikuwa amekwisha kulipia buji mpya (plagi za kuwashia petroli) na usafishaji wa kabureta mara mbili. Nililala chali chini yake na tochi, nikaona kamba ya nailoni, ya aina inayofungwa kwenye nyavu za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, imejizungusha kwenye mhimili mbele ya elisi hadi ikayeyuka na kuwa ngumu kama pembe. Niliikata kwa kisu, na kazi ikaisha. Kabla ya kuingiza mkono humo, chomoa kamba ya usalama na ufungue waya hasi wa betri. Elisi haina huruma na vidole.

Sasa injini yenyewe. Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi huinyima injini isiyo na turbo karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Upungufu huo si ugonjwa, na hakuna fundi anayeweza kuutibu kwa kubadilisha pistoni. Linaloweza kurekebishwa ni mchanganyiko: kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani humwaga petroli nyingi mno kwa hewa ya hapa, kwa hiyo inahitaji jeti, yaani vitundu vya kupitishia petroli, ndogo zaidi. Injini zinazopuliza mafuta kwa kompyuta hujirekebishia mchanganyiko zenyewe.

Buji zitakueleza hali hiyo zikisomwa mara tu baada ya kukimbia kwa kasi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli imezidi. Weupe unaonyesha hewa imezidi au joto ni kali, na hapo usiendelee kuendesha. Matone ya maji ni habari mbaya zaidi, ingawa chanzo chake huenda kisiwe gasketi ya silinda, kama nitakavyoeleza mwishoni.

Petroli ya Kadhafi, yaani muuza mafuta wa kando ya barabara, inayomiminwa kutoka bidoni hadi bidoni, ipimwe kabla ya kulaumu chochote. Chukua kidogo kutoka chini ya tangi, uitie kwenye chupa inayoonyesha ndani na uiache itulie kwa dakika chache. Maji huzama chini na mpaka wake huonekana wazi. Kwa injini ya mipigo miwili inayochanganyiwa oili kwa mkono kwa kipimo cha 50 kwa 1, tia mililita 20 kwa kila lita, na usikisie kwa kofia ya chupa.

Mgandamizo wa silinda upimwe injini ikiwa na joto, buji zote zikiwa nje na nyaya zake zikiwa zimeunganishwa na chuma cha injini. Kitabu cha injini kikitaja bar 10, kipimo cha karibu 8.5 hapa Goma ni cha kawaida, na nimeona injini zisizo na kasoro zikihukumiwa kwa sababu ya tofauti hiyo. Kinachotisha ni silinda moja kupungukiwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10.

Betri dhaifu hujulikana haraka: injini husita kuwaka na taa hufifia.

Hatimaye, injini inayopunguza kasi yenyewe baada ya dakika kadhaa huenda inajilinda dhidi ya joto, hivyo safisha njia za maji ya kupoza kwa mpira ukiwa nchi kavu. Washa injini kwanza ndipo ufungue maji. Unapomaliza, funga maji kwanza ndipo uzime. Ukigeuza mpangilio huo, maji hujaa kwenye ekzosi na kurudi hadi ndani ya silinda, na buji utakazozitoa zitakuwa na matone yaleyale ya gasketi iliyokufa.