Jalada la Ushahidi wa Fundi: Jinsi ya Kulimaliza Bila Kuliacha Njiani

Fundi aliyekaa jua kali miaka kumi anaunda geti kwa siku mbili, lakini jalada la kuthibitisha kwamba anajua kuunda geti linaweza kumkalia mwaka mzima. Ujuzi anao. Kinachomshinda ni kwamba jalada halina mteja anayepiga simu kuuliza limefikia wapi. Kwa hiyo hamu ya kulimaliza haiji yenyewe. Lazima kazi igawanywe kwa namna ambayo kila wiki unaona kwa macho kwamba imepungua.

Maelezo haya yanamlenga fundi wa Kenya anayetafuta cheti kwa njia ya utambuzi wa ujuzi, ile inayofahamika kwa kifupi kama RPL. Mfumo wenyewe unasimamiwa na KNQA, mamlaka ya kitaifa ya sifa za elimu na ujuzi iliyotokana na sheria ya mwaka 2014, na sera yake ilizinduliwa rasmi 2024. Hurudi darasani kuanza upya. Unaleta ushahidi wa unachokijua ukiwa umepangwa kwenye faili moja, ndilo jalada lenyewe, unahojiwa, unaonyesha kazi kwa vitendo, kisha unapimwa. Tanzania nako VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, na mengi ya hapa yatawafaa pia, ingawa fomu na ngazi ni tofauti.

Usipige picha hata moja kabla ya kupata viwango

Kosa linalowachosha watu mapema ni kuanza kukusanya. Fundi anajaza simu picha mia mbili za kazi, anazipeleka kituoni, anaambiwa nyingi hazithibitishi chochote kinachotakiwa. Hapo moyo unavunjika, na ni haki yake.

Anza kwa kwenda kwenye kituo cha tathmini cha fani yako, uombe nakala ya viwango vya kazi hiyo kwa ngazi unayoitaka. Ndani yake kazi imegawanywa katika vitengo, kila kitengo kina vipengele, na kila kipengele kina vigezo vya utendaji. Soma na kalamu mkononi. Kisha chora jedwali kwenye daftari la kawaida, kurasa mbili zinazotazamana, lenye safu nne: kipengele, ushahidi utakaotumia, tarehe uliyoupata, na mahali ulipo (kwenye simu, kwenye faili, kwa mteja fulani). Kila kipengele kiwe na mstari wake.

Jedwali hilo ndilo litakalokubeba. Mtu anayesema “nina kazi ya jalada” amebeba mzigo usio na mwisho. Anayesema “nimebakiza mistari tisa” ana kazi ya wiki tano au sita. Libandike ukutani pale unapofanyia kazi. Ukilifungia kabatini halina faida.

Kuhusu ngazi, chagua ile ambayo unaweza kuthibitisha angalau robo tatu ya vipengele vyake kwa kazi unazozifanya sasa. Wengi huomba ngazi ya juu kwa sababu ya heshima, halafu wanakwama kwenye vitengo vya kusimamia wafanyakazi au kukadiria gharama ambavyo hawajawahi kuvigusa. Chukua ngazi inayokutosha, umalize, ndipo upande.

Ushahidi unaohesabika

Mtathmini anajiuliza mambo manne kuhusu kila karatasi: Je, ni kazi yako kweli? Inagusa kigezo kinachotakiwa? Ni ya siku za karibuni? Inatosha kumshawishi kwamba unaweza kuirudia? Picha ya geti zuri lililokwisha kupakwa rangi inashindwa swali la kwanza. Yeyote anaweza kupiga picha ya geti la mtu.

Chukua mfano wa geti dogo la mlango mmoja, upana milimita 1200 na kimo 2000, fremu ya bomba la mraba la 40 kwa 40 lenye unene wa milimita 1.5. Kazi hii moja ikipangwa vizuri inajaza mistari sita au saba ya jedwali. Picha ya kwanza ni mchoro wako wa mkono wenye vipimo. Ya pili, wewe ukikata, miwani na glavu vikionekana, kwa sababu usalama huwa na vigezo vyake na ndivyo vinavyosahauliwa kuliko vyote. Ya tatu, mashine ya kuchomelea ikionyesha ampea (kipimo cha nguvu ya umeme) ulizoweka. Kwa rodi ya 6013 ya milimita 2.5 kwenye bomba jembamba hivyo, 60 hadi 70 zinatosha, na ukipandisha hadi 90 unaanza kutoboa. Ya nne, fremu ikiwa imeshikizwa tu kwenye kona, huku tepu ikipima kona kwa kona. Ya tano, mshono uliokwisha kugongwa slagi (gamba linaloachwa na rodi juu yake), kabla haujasagwa kwa grainda. Ya sita, geti likiwa limefungwa kwenye bawaba kwa mteja.

Picha ya tano ndiyo wanayoificha wengi, na ndiyo anayoitafuta mtathmini. Mshono uliosagwa na kupakwa rangi hausemi kitu.

Chini ya kila picha andika mistari miwili au mitatu, siku ileile. Kwa picha ya nne, kwa mfano: “Napima kona kwa kona kabla ya kuchomelea moja kwa moja. Upande mmoja 2332, wa pili 2334. Nimegonga kidogo kona ya juu kulia mpaka zikalingana, kwa sababu nikichomelea ikiwa imepinda, komeo halitaingia.” Maelezo hayo yana kipimo, hatua uliyochukua na sababu yake. Ukiandika “hapa napima fremu” umepoteza picha nzuri bure.

Ujikute kwenye picha angalau moja kati ya tatu, na mtu mwingine ndiye akupige. Usitume picha zako kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida kisha ukazihifadhi kutoka huko. Programu ile huzibana na kuondoa taarifa za tarehe zilizofichwa ndani ya picha. Zitume kama faili, au zihamishe kwa waya. Kila mwisho wa mwezi weka nakala mahali pa pili, iwe kadi ya kumbukumbu, kompyuta ya saiba yenye akaunti yako, au simu ya nyumbani. Simu huibiwa kwenye matatu, na jalada likiibiwa nayo ni wachache wanaorudi kuanza upya.

Barua ziombwe wiki ya kwanza

Kila kitu kingine kiko mikononi mwako isipokuwa barua za wateja na waajiri wanaoshuhudia kazi yako. Mteja anasema njoo kesho. Mwajiri wa zamani amehamia Eldoret. Bosi wa sasa anashuku ukipata cheti utamkimbia. Ndiyo maana zinaombwa mwanzoni kabisa, jalada likiwa bado tupu, ili zipate muda wa kuchelewa.

Omba tano ili upate tatu. Usimwachie mtu karatasi nyeupe, maana hajui aandike nini na ataiahirisha. Mpelekee orodha fupi ya mambo ya kutaja: ni kazi gani hasa ulimfanyia, lini, vipimo au idadi, ilivyodumu mpaka leo, jina lake, namba ya simu na sahihi. Aandike kwa maneno yake mwenyewe. Barua tatu zenye sentensi zinazofanana neno kwa neno zinatia shaka hata zikiwa za kweli, na mtathmini ana haki ya kupiga simu.

Bosi akigoma, usigombane naye. Kuna ushahidi mwingine: nakala ya makadirio ya bei uliyomwandikia mteja, risiti ya vifaa kutoka hadwea, na ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kazi. Ujumbe huo uchapishe ukiwa umefunika salio lako. Ukikaa pamoja na picha za tarehe hizohizo, unasimama vizuri.

Dakika arobaini, mara mbili kwa wiki

Anayengoja siku nzima ya mapumziko ili “akae na jalada” atangoja sana. Siku hiyo ikifika kutakuwa na harusi au mgonjwa. Tenga vipindi viwili vya dakika 40. Cha kwanza, katikati ya wiki, ni cha kuandika maelezo ya picha zilizopigwa. Cha pili, mwisho wa wiki, ni cha jedwali: kuweka alama kwenye mistari iliyokamilika na kuchagua mistari miwili ya wiki inayofuata, ukilinganisha na kazi ulizopewa na wateja. Kama wiki ijayo una oda ya madirisha, chagua vipengele ambavyo madirisha yanavigusa. Jalada lifuate kazi inayokulipa. Ukilazimika kutengeneza kitu cha bure kwa ajili ya picha, unalipia vyuma na muda, na hasira itakuja upesi.

Kabla ya kufunga daftari, andika kitu kimoja utakachoanza nacho kipindi kijacho, kwa udogo kabisa: “Kuandika maelezo ya picha ya 5.” Ukiandika “kuendelea na kitengo cha tatu,” kipindi kijacho utatumia robo saa kukumbuka ulikuwa wapi, kisha utafungua TikTok.

Angalia pia kalenda ya fani yako. Fundi cherehani asijipangie jalada Desemba wala wiki za shule kufungua Januari. Apige picha tu, maandishi yangoje Februari. Fundi wa ujenzi ana nafasi Aprili na Mei, mvua ikisimamisha site. Kuruka wiki tatu ulizozipangia haina madhara. Kuruka wiki tatu bila kupanga, ukijiona umeshindwa, ndiko kunakozaa miezi mitatu.

Kama kalamu ni nzito, rekodi sauti. Bonyeza, eleza kazi kama unamfundisha mwanafunzi wako karakana, kisha uandike ulichosema. Maswali manne yanatosha kukuongoza: Nilitakiwa kufanya nini? Nilifanyaje? Nini kilinisumbua na nikakitatua vipi? Ningebadilisha nini? Uliza pia kituoni ni sehemu zipi unaweza kuzijibu kwa mdomo kwenye mahojiano, maana kuna watu wameacha kwa kuogopa insha ambayo hakuna aliyewaagiza.

Tafuta mwenzako mmoja wa fani yako aliye njiani kama wewe. Mkutane kila wiki mbili, kila mmoja akague mistari miwili ya mwenzake na kumuuliza maswali kama mtathmini. Mmoja anatosha. Vikundi vya simu vya watu hamsini huanza na jalada na kuishia kwenye salamu za asubuhi na matangazo ya ploti. Na msikopeshane picha: geti moja likionekana kwenye majalada mawili, nyote wawili mna kesi.

Jambo la pesa liulize mapema na upewe jibu kwa maandishi: ada ya tathmini ni kiasi gani, inalipwa lini, na gharama ya vifaa vya jaribio la vitendo ni ya nani. Igawanye kwa wiki ulizobakiza, uweke kando kama unavyoweka ya chama. Kuna majalada yaliyokamilika yanayolala kwa kukosa ada tu. Atakayekuambia umlipe ili cheti kitoke bila tathmini ni tapeli.

Likirudishwa

Hapa ndipo wengi huachia. Umepeleka, limerudi na alama nyekundu na maneno “bado hajakidhi.” Maana yake ni kwamba baadhi ya vipengele havina ushahidi wa kutosha. Vilivyopita usivifanye upya kabla ya kuuliza. Mwombe mtathmini akutajie kigezo kwa namba yake, si kwa ujumla, na aseme ni ushahidi wa aina gani utamridhisha. Yaandike hapohapo mbele yake, umsomee. Mara nyingi mapengo ni matatu au manne na hujirudia kwa mafundi wote: usalama, kumbukumbu za maandishi, utunzaji wa vifaa, na utupaji wa taka. Kurekebisha kuanze ndani ya siku saba, hata kama ni picha moja tu ya kizima moto chako na tarehe ya ukaguzi wake. Likikaa wiki sita kwenye begi, kulifungua kunakuwa kazi ya kujilazimisha.

Upande wa pili kuna wanaoshindwa kuachia. Kila mstari umejaa, lakini wanaendelea kuongeza picha na kuchapisha upya jalada la rangi. Mstari wenye ushahidi mmoja wa moja kwa moja na mmoja wa kuunga mkono umetosha. Weka namba za kurasa, yaliyomo mbele, nakala ya kitambulisho, toa nakala kamili ubaki nayo, upeleke. Dai karatasi ya mapokezi yenye tarehe na jina la aliyepokea.

Kisha, usiku wa kuamkia mahojiano, pitia picha zako moja moja na ujiulize kwa sauti: “Kwa nini ulifanya hivi?” Hilo ndilo swali utakaloulizwa, na ukishindwa kulijibu kuhusu ampea zako mwenyewe, mtathmini ataanza kujiuliza nani alikuwa ameshika mashine.