Mfundishe muuzaji kuikunjua kanga

Mwenye duka la kanga, liwe Mtaa wa Biashara mjini Mombasa au Kariakoo, Dar es Salaam, anapaswa kumfundisha mfanyakazi wake jambo moja kabla ya hesabu za bei: mteja akiomba doti, yaani jozi ya kanga, kwanza aulizwe kwa upole anamnunulia nani na kwa shughuli gani. Kisha muuzaji aikunjue kanga juu ya meza, aonyeshe mji, yaani sehemu ya katikati, na pindo la pembeni, na alisome jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, kwa sauti, kwa kuwa doti yenye rangi za kupendeza lakini yenye jina la kijembe, ikipelekwa kwa mama mkwe, inaweza kuzusha ugomvi ambao mnunuzi hakuukusudia kabisa. Huduma hii haidai mtaji wowote, ilhali mteja aliyeepushwa na fedheha hiyo ana kila sababu ya kurudi siku anapotafuta sare za harusi. Na akiondoka mikono mitupu baada ya kukunjuliwa doti kumi, aagwe kwa uso uleule aliokaribishwa nao; naamini hapo ndipo muuzaji hodari anapotambulika, maana hata huyo ana majirani, mashoga na ndugu wanaonunua kanga.