Kurekodi skrini kwa video za mafunzo

Kwa somo fupi la programu moja, Xbox Game Bar iliyomo ndani ya Windows inatosha: bonyeza Win+Alt+R kuanza, na tena kusimamisha. Ila hairekodi eneo-kazi wala kivinjari cha mafaili (File Explorer), kwa hiyo ukihitaji kuonyesha folda, tumia programu ya kurekodi ya OBS Studio. Ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux.

Weka ukubwa wa 1920×1080 na fremu (picha) 30 kwa sekunde. 60 huongeza uzito wa faili bure kama unafundisha lahajedwali. Kuza maandishi ya programu hadi asilimia 125 au 150, maana wengi watatazama kwenye simu. Zima arifa zote.

Rekodi kwa aina ya faili ya MKV, si MP4 ya kawaida. Kompyuta ikizima ghafla, MP4 hiyo huwa haifunguki tena, lakini MKV hubaki na kila kilichokwisha kurekodiwa. Ukimaliza, OBS yenyewe inaweza kuigeuza kuwa MP4 kwa muda mfupi.

Skrini ikitokea nyeusi kwenye laptopu yenye kadi mbili za picha, mara nyingi OBS inatumia kadi tofauti na ile inayoendesha skrini. Ibadilishe kwenye mipangilio ya picha ya Windows. Kwenye Mac, angalia kwanza ruhusa ya kurekodi skrini.

Sauti ndiyo huharibu video nyingi kuliko picha. Kaa shubiri moja hivi kutoka kwenye maikrofoni, vilele vya sauti vifike karibu -10 dB (desibeli) kwenye kipimo cha sauti cha OBS, kisha rekodi sekunde 20 za majaribio na uzisikilize kwa vipokea sauti.